Barafu ya Ini la Mektilda

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilianza na maneno yaleyale.

"Mchinjaji, amka. Ng'ombe za watu zinakusubiri."

Hakukuwa na ng'ombe. Mnada ulikuwa wa keshokutwa. Lakini Mektilda aliniamsha hivyo tangu tulipooana, kuwe na mnada kusiwe na mnada, nami siku zote nilijibu, "Waambie wangoje ninawe uso." Siku ile pia nilijibu hivyo. Hatukucheka. Ilikuwa imeshakuwa salamu.

Tukanywa uji wa mtama. Nikafunga dumu la mafuta ya taa nyuma ya baiskeli, nikaikokota, yeye akafuata ameshika dumu kwa mkono mmoja. Dumu lilifungwa kamba za katani, lisingeanguka hata ungelipiga teke. Alilishika tu. Pamba ilikuwa inapasuka mashambani na watu walishaanza kuchuma. Walitusalimu, mwangaluka, tukaitikia, mwangaluka, mhola. Mmoja akapaza sauti kutoka shambani, "Mwenyekiti wa Friji, leo utatugawia?" Mektilda akajibu, "Leo siyo siku yake, chuma pamba."

Zahanati ilikuwa bado imefungwa. Funguo alikuwa nazo yeye. Aliingia, akavua kandambili mlangoni, akalala ubavu sakafuni mbele ya friji, akaingiza kioo kidogo chini kutazama moto wa utambi. Friji ya mafuta ya taa moto wake uko chini, uvunguni, huwezi kuuona kwa jicho mpaka utumie kioo.

"Bluu," alisema.

Alitaja rangi ya moto kila asubuhi, awe na mtu asiwe na mtu. Moto ukiwa bluu friji inapoa. Ukiwa wa njano inatoa masizi na dawa za watoto zinaharibika. Nilimimina mafuta. Nilipomaliza alikuwa bado amelala pale chini na kioo mkononi.

"Nini?"

"Hamna."

Akainuka. Akafuta kioo kwa khanga, akaenda nacho mlangoni penye jua, akajitazama. Mektilda hakuwa mtu wa kujitazama.

"Mashimba, hebu niangalie macho."

Nikamwangalia. Weupe wa jicho ulikuwa na rangi ya mafuta ya ng'ombe mzee. Rangi hiyo naijua.

"Vumbi," nilisema.

"Vumbi la wapi la njano? Haya nenda. Na usiwashe sigara, mikono yako ni mafuta matupu."

Nikaenda. Asubuhi zilizofuata hazikuwa za kawaida tena.

Mimi sikusoma. Herufi nimezijua ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nimekaa benchi moja na mke wangu, naye akinichungulia daftari na kuniambia "a" yangu inafanana na kwato. Kwa hiyo nitaandika machache. Najua wapo watakaouliza, mwanamke wa kuwasha friji ana habari gani ya kuandikwa. Anazo.

Alizaliwa upande wa Mwandoya, binti wa mzee Machibya, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Kwetu mke huitwa kwa jina la baba yake, kwa hiyo nilimwita ng'wana Machibya. Yeye aliniita mchinjaji akiwa amefurahi, Mashimba akiwa na jambo, na baba Eufrasia akitaka nisibishe. Eufrasia ni binti yetu, ameolewa Binza. Baada yake tulizaa wawili wengine. Surua iliwachukua wote katika kiangazi kimoja. Hayo sitayaandika zaidi, hata yeye hakuyasema.

Alikuwa na tabia moja iliyonichosha nilipokuwa kijana. Hakuweza kuvumilia kitu kilichoinama upande. Chungu kikikaa vibaya kwenye mafiga, ugali ungoje, kwanza apange mafiga. Ilipokuja Operesheni tukahamishwa kutoka kwenye boma letu la minyaa kuja kijijini, nje ya Somanda, watu walilia wakibeba milango na vitanda. Yeye alibeba mafiga. Tulipojenga nyumba mpya aliweka sahani ya maji sakafuni, akaiangalia, akaniambia, "Maji yanaelekea kwa Mayala. Chimba upya." Mayala ndiye mwenyekiti wa kijiji, nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka yetu. Nikachimba upya.

Kijiji kilipopata zahanati, ilikuja na friji ya chanjo. Ililetwa na Landrova ya wilayani, nyeupe, ndefu, imefungwa magodoro kama mgonjwa. Bwana aliyeileta aliita mkutano, akasema anataka mtu mmoja wa kuilea. Wanaume wengi waliinua mikono. Akasema mtu huyo atakuja kila siku, Jumapili na sikukuu, mvua na msiba. Mikono ikashuka. Ukabaki mkono wa Mektilda.

"Mama, siku ya msiba wako je?" yule bwana aliuliza, kwa utani.

"Nitapita nikienda kuzikwa," alisema. Watu wakaangua kicheko.

Akafundishwa namna ya kukata utambi, kufuta masizi, kusoma kipimajoto. Jambo la kwanza aliloambiwa ni kwamba friji ile lazima ikae sawasawa sakafuni, ikiinama haipozi. Alinitazama akiwa pale mkutanoni, kwa mbali, na mimi nikajua ananiambia nini.

Friji haikuruhusiwa kuwekwa kitu kingine. Mwenyekiti Mayala alijaribu mara moja. Alikuwa na mgeni kutoka wilayani, akaja na chupa za soda chini ya koti.

"Mama Eufrasia, chupa tatu tu. Mgeni ana joto."

"Mpe kivuli."

"Hivi unajua unaongea na nani? Mimi ni mwenyekiti wa kijiji."

"Na mimi ni mwenyekiti wa friji. Kikao chako kiko kule, changu kiko hapa."

Mayala aliondoka na soda zake zikigongana. Jioni alikuja nyumbani, nikadhani ni ugomvi. Alikuja kunieleza kisa chenyewe, akacheka mpaka akakohoa. Jina lile likabaki.

Lakini alikuwa na siku yake ya kugawa. Ukuta wa ndani wa friji huota barafu, na lazima ikwanguliwe, la sivyo friji haipozi vizuri. Siku hiyo watoto walijua wenyewe. Walipanga mstari nje, viganja wazi. Alikwangua kwa mwiko wa mti na kumtilia kila mtoto kidogo. Walipiga kelele kama wameungua. Na vikongwe walikuja. Kuna bibi mmoja alikuwa anaipaka shavuni, anafumba macho, anasema, "Hii imetoka wapi?" Mektilda anamwambia, "Imetoka kwenye moto, bibi." Bibi anasema, "Mwongo wewe," anaondoka anacheka, maji yanamtiririka shingoni.

Mimi kazi yangu ni kuchinja. Nyama naijua yote, na nitasema neno moja kuhusu ini, maana habari yenyewe iko hapo. Nyama ya paja unaweza kuianika, ikakaa. Moyo unavumilia. Ini halilali. Ndiyo maana sisi wachinjaji ini tunalichoma palepale machinjioni, kabla hata ngozi haijamaliza kutoka. Anayekupelekea ini la jana hakupendi. Siku nilizochinja mbuzi nilimpelekea Mektilda ini limefungwa kwenye jani, nikipiga baiskeli kama ninafukuzwa. Alikuwa anagusa kwa kidole kabla ya kushukuru.

"Ulisimama njiani."

"Nilisalimiana na Ramadhani tu."

"Ulisalimiana naye sana."

Ramadhani ni mwenye duka pale Somanda, rafiki yangu, muuza mafuta ya taa, chumvi na viberiti. Ni kweli nilikuwa nimesalimiana naye sana.

Baada ya asubuhi ile ya kioo macho yalizidi kuwa ya njano, kisha ngozi. Tumbo likaanza kujaa naye akikonda mikono. Muuguzi wetu wa zahanati, Felisita, msichana mwenye haraka ya kusema na haraka ya kulia, alimwambia aende hospitali kubwa, Mwanza. Mektilda akauliza nani ataangalia moto. Felisita akasema yeye. Mektilda akamlaza sakafuni na kioo mkononi, akamsomesha kutwa nzima, ndipo akakubali kupanda lori la pamba.

Mwanza tulikutana na daktari kijana, Constantine, mzaliwa wa Binza. Alimsalimu kwa Kisukuma, akamwita mayu, mama. Alimpima taratibu, akambonyeza ubavu wa kulia, akanitoa nje ya pazia.

"Mzee, ini lake limekuwa gumu."

Hakuhitaji kuendelea. Nimewahi kukata ng'ombe wenye ini gumu. Kisu kinasikia kabla ya jicho. Ini la namna hiyo hata mbwa hatuwapi, tunafukia.

"Dawa?"

"Za kupunguza maji ya tumboni zipo. Ya kulirudisha ini, hakuna."

"Popote?"

Ningeuliza kwa namna nyingine asingenijibu vile. Alisema alisoma ng'ambo, Uingereza, na huko wameanza kubadilisha. Mtu akifa, ndugu zake wakikubali, ini lake linatolewa na kuwekwa kwa mgonjwa. Wengi bado wanakufa, alisema, lakini wapo wanaopona.

"Linatoka huku, linaingia huku?" nilimuuliza. "Bila kuoza?"

"Wanaliweka kwenye barafu."

Pazia likasogea. Mektilda alikuwa ameketi kitandani, miguu inaning'inia, macho yake ya njano yamefunguka kama siku za zamani.

"Barafu ya namna gani?" aliuliza.

Daktari akacheka kidogo, akaingia, akakaa kwenye stuli. Nadhani alifurahi kuulizwa. Akamweleza mambo, na Mektilda akisikiliza kama mtu anayeletewa habari za ukoo wake. Kwanza wanaliosha ini damu yote itoke, kwa maji baridi yaliyotiwa chumvi na sukari kwa kipimo. Wanalitia kwenye mfuko wenye maji hayohayo, na mfuko ndani ya mfuko mwingine. Kisha kwenye sanduku la barafu.

"Linagusa barafu?"

"Hapana mama. Likiganda limekufa."

"Kama dawa ya pepopunda," alisema Mektilda. "Nayo ikiganda ni ya kutupa. Naiwekea kitambaa katikati."

"Hivyohivyo."

"Linakaa muda gani?"

"Saa chache. Saa nane, pengine kumi. Zaidi ya hapo halifai."

Mimi nikatazama sakafu. Ini kukaa saa kumi na bado liko hai. Kazi yangu yote nimekuwa nikikimbia na ini mkononi.

"Na anayelibeba nani?" Mektilda aliuliza.

Daktari akasema, "Unajua, sijawahi kuuliza. Usiku mmoja nilimwona mtu akishuka kwenye gari na sanduku. Alikuwa amelikumbatia."

"Vizuri," Mektilda alisema. "Amelikumbatia. Vizuri."

Kisha akauliza la mwisho. "Ndugu wa marehemu, wanakubali siku hiyohiyo ya msiba?"

"Saa hiyohiyo, mama."

"Wanalia huku wanatoa."

"Ndiyo."

Alirudi kulala. Alisema kwa Kisukuma, siyo kwa daktari wala kwangu, kwamba watu hao wapelekewe salamu.

Mimi nilimfuata daktari koridoni, nikamwuliza hilo ini linaweza kufika huku. Akasema, "Mzee wangu, huku bado." Akanishika bega. Akasema ataandika jina la mama, atauliza wenzake, lakini nisiweke moyo.

Niliuweka. Nitawaambia kwa nini, maana leo vijana hunicheka. Sisi tuliambiwa bado kuhusu zahanati, na zahanati ilikuja. Tuliambiwa bado kuhusu bomba la maji, likaja. Dawa ya surua inatoka ng'ambo, nimeiona mwenyewe. Inapanda ndege, inapanda treni, inapanda Landrova, inafika Bariadi ndani ya barafu, na mke wangu anaipokea na kuilaza, na mtoto wa kijijini kwetu anadungwa, anaishi. Kitu hicho nacho huharibika kwa joto kama ini. Kama kile kimefika, hiki kimeshindwa nini? Niliona limebaki jambo la barafu tu. Na barafu tulikuwa nayo.

Tukarudi nyumbani, nikaanza kazi. Felisita alikuwa na sanduku bovu la chanjo, kifuniko kimepasuka. Nikaliomba, nikaliziba kwa lami na kitambaa, nikaliosha kwa maji ya moto. Nikamwomba pia nafasi kule nyuma kabisa, kwenye chumba cha barafu cha friji, niweke makopo mawili ya maji yagande. Felisita alinitazama, akamtazama Mektilda aliyekuwa ameegemea mlango. Mektilda akatikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti wa friji, ambaye hakumwekea Mayala soda, alikubali makopo yangu. Sikujiuliza kwa nini. Nilielewa baadaye.

Kwa kuwa Felisita alikuwa na wagonjwa wengi, moto wa asubuhi ukawa wangu. Mektilda alinifundisha akiwa amekaa kwenye kigoda, tumbo mapajani.

"Lala chini, mchinjaji. Siyo kuchuchumaa. Lala."

"Nimelala."

"Rangi gani?"

"Njano."

"Unataka kuchoma nyama? Rudisha utambi. Taratibu. Sasa?"

"Bluu. Bluu juu, njano kidogo chini."

"Kidogo ni njano. Rudisha."

Ilipokuwa bluu yote alikuwa anasema "haya", na mimi nikiwa bado nimelala uso sakafuni nilikuwa naona miguu yake tu, imevimba, imekaa sawasawa kama alivyopenda vitu vikae. Ningeweza kukaa pale chini siku nzima.

Alipokosa nguvu za kufika zahanati, nilikuwa narudi nyumbani na kusema "bluu" kabla ya kusema mwangaluka.

Jioni alipenda tuzungumze habari za mbeba sanduku.

"Ana baiskeli?"

"Huko wana magari."

"Gari linatikisa. Mimi ningetembea."

"Saa kumi unatembea?"

"Nadhani ni mwanamke. Mwanaume angeliweka sanduku chini akaenda kuvuta sigara."

"Labda havuti."

"Kila mbeba mzigo anavuta. Ni mwanamke. Ana watoto wakubwa. Akifika anakabidhi, anakaa nje, anangoja asikie kama limewaka."

Alisema limewaka, kama moto. Sikumsahihisha.

Mimi usiku nilikuwa nasali ini lije. Kisha nikawa nakumbuka kwamba ninaomba msiba kwenye nyumba ya watu nisiowajua. Nikawa nasali tena, kwa sauti ya chini zaidi.

Mwaka ule vijana walikuwa wanarudi kutoka vitani Uganda, na kila kitu kilikuwa adimu, sabuni, sukari, na mafuta ya taa kuliko vyote. Ramadhani alikuwa akificha kidogo kwa ajili ya zahanati, nyuma ya magunia ya chumvi. Watu walimwona akinimiminia, wakanuna.

"Mzee Mashimba," aliniuliza siku moja, "mke anaumwa, wewe unalea friji?"

"Nalea barafu."

"Barafu ya nini?"

"Ya ini. Linakuja kutoka ng'ambo."

Ramadhani ana mdomo. Angeweza kusema mengi, na dukani walikuwepo wa kumsaidia kucheka. Alifunga kifuniko cha dumu, akakikaza, akakikaza tena. "Inshallah," alisema. "Usilitikise njiani."

Kiangazi kikawa kikali. Mafuta yakawa ya kubahatisha, moto tukaupunguza, na friji ikawa inapoa kwa shida. Makopo yangu hayakusumbuka. Yalikuwa yameganda mapema, yako nyuma kabisa, hakuna aliyeyagusa, nami kila asubuhi nilikuwa nayapapasa kama mtu anayepapasa mbuzi mwenye mimba.

Mektilda alikufa mvua za kwanza zilipoanza. Eufrasia alifika kutoka Binza akamkuta bado anaongea. Siku ya kuzika jeneza lilibebwa kwa njia ya zahanati. Sikuwaambia wabebaji wapite hapo. Mayala ndiye aliyewageuza, akasema mama alishatangaza kwenye mkutano. Walisimama mlangoni, Felisita akaingia ndani na kioo, akalala chini na gauni lake la msiba, akatoka, akasema, "Bluu, mama." Wakaendelea.

Baadaye nilimwomba Felisita kile kioo. Akasema ni mali ya zahanati. Ni kweli. Sikurudia kuomba. Ila asubuhi bado nakwenda, naye ananiacha nilale chini nitazame. Kioo ni kidogo, kinaingia moto tu na jicho moja. Najua alikuwa anatazama hapohapo. Nakaa zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa na utambi. Nikirudi nyumbani nasema rangi yake kwenye mlango. Hakuna anayesema haya.

Na kuamka naamka mwenyewe. Ni vigumu kuamka bila kuitwa na ng'ombe za watu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye siku ya makopo, nimalizie hapo.

Ilikuwa mchana, wiki chache kabla hajafa. Alikuwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, ubavuni mwa nyumba penye kivuli, mimi namfukuzia nzi kwa usinga. Hakuwa anakula tena ila maji ya uji. Felisita akaja anakokota baiskeli kwa haraka, sanduku la chanjo limefungwa nyuma, kifuniko wazi. Ndani kulikuwa tupu.

"Mwadila," alisalimu, hakungoja kuitikiwa. "Surua imeingia kitongoji cha ng'ambo ya mto. Wamezika mmoja jana. Dawa ninayo ya kuwatosha. Barafu yangu haikuganda, ni uji. Nikienda nayo kwenye jua hili dawa itakufa kabla sijavuka mto."

Nilijua anachotaka. Naye alijua kwamba ninajua.

"Makopo yako ni jiwe, mzee," alisema. "Sijayagusa. Nimekuja kuomba."

"Yakienda, lini mengine yataganda?"

"Kwa mafuta haya?" Akashika kengele ya baiskeli, akaiachia. "Sijui kama yataganda."

Niliwaza watoto wa ng'ambo ya mto. Niliwaza wale wawili wa kwangu. Lakini mke wangu alikuwa pale kwenye ngozi, tumbo linapanda na kushuka, na mimi nilikuwa nimelea barafu ile tangu pamba ilipochumwa.

"Na ini likija kesho?" nilisema. "Tutalipokelea kwenye nini?"

Felisita akaanza kulia.

Mektilda akainua mkono. Sauti yake siku hizo ilikuwa ndogo, ilibidi upige magoti. Nikapiga magoti. Alinitazama kwa macho yale ya njano kama alivyomtazama mwenyekiti na soda zake, na pembeni ya mdomo kulikuwa na kicheko alichokikosea nguvu. Nikaelewa kwamba alikuwa amejua siku zote, tangu Mwanza, kwamba ini haliji, na kwamba makopo yale alikuwa ameyakubali kwa ajili yangu.

Niliyatoa mwenyewe baadaye, mikono ikauma kwa baridi mpaka jioni, na Felisita akavuka mto nayo. Lakini kwanza Mektilda alisema haya, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Baba Eufrasia, ini likija litakuja na barafu yake. Hiyo wape watoto."